Elfu 40 niliyoibania kwenye msitu wa Amani

Naandika hii hasa kwa ajili ya watu wa vikundi vya Dar, nyinyi wa klabu za jogingi, vikoba, kwaya, watu wa ofisi moja mnaochangishana mnaenda kutembea sehemu. Mwaka jana mwezi wa nne mimi ndo nilikuwa mratibu wa safari ya watu 11 kwenda kwenye msitu wa Amani kule Usambara Mashariki mkoa wa Tanga, mwenzetu mmoja akarudi na mguu umepasuka mfupa na wanne tukawapoteza porini karibu saa nne nzima. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kila siku. Ila nikikumbuka ile jioni bado tumbo linanikata, na nikifuatilia ilianzia wapi naikuta imeanzia mdomoni kwangu mwenyewe, asubuhi saa mbili, kwa sababu ya elfu 40.

Sisi ni klabu ya jogingi ya Tabata, tunakimbia kila Jumamosi alfajiri, tunatoka Kimanga tunashuka hadi Tazara tunarudi, wengine wanaunganisha. Katika kundi kuna vijana wana pumzi kwelikweli, kuna kina sisi wa katikati, na kuna mama mmoja wa mgahawa, miaka 50 na kidogo, ambaye huwa hakimbii, anatembea haraka haraka, lakini hajawahi kukosa Jumamosi hata moja. Huyo mama ndo alikuwa wa kwanza kulipa mchango wa safari. Alikuwa anaweka elfu kumi kumi kwangu kila wiki hadi ikatimia 185,000. Mtakuja kuona kwa nini nalisema hili.

Kwa nini Amani? Nilikulia Muheza kidogo kwa shangazi yangu, kwa hiyo ule mlima nilikuwa nauona kwa mbali tu umefunikwa na mawingu, watu wakisema huko juu kuna msitu wa Wajerumani. Ukubwani nikasoma zaidi. Ile ndiyo hifadhi ya mazingira asilia ya kwanza kutangazwa Tanzania, mwaka 1997, iko chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, ni hekta elfu nane na kitu. Wajerumani walianzisha pale kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902 wakapanda miti ya kila aina, mpaka mikwinini, ile miti ya dawa ya malaria. Na msitu wenyewe wa asili ni wa zamani mno, uko kwenye ule mnyororo wa Milima ya Tao la Mashariki unaoanzia Taita kule Kenya unashuka mpaka Udzungwa, milima inayokinga mvua kutoka Bahari ya Hindi, ndo maana pale juu panapata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Hii namba niliisoma kabla ya safari nikaiona ya kuvutia, nikaiandika mpaka kwenye grupu letu la WhatsApp. Sikukaa chini nikajiuliza mvua hizo zote zinanyesha lini.

Zinanyesha masika. Na sisi tulienda Pasaka.

Najua kwa nini watu wanachagua Pasaka, ni siku nne za mapumziko bila kuomba ruhusa kazini, sisi pia ndo tulivyofikiria. Lakini kama una uwezo wa kuchagua nenda Januari au Februari, au kuanzia Juni mpaka Septemba hapo. Mvua inaweza kukupata hata miezi hiyo maana kule hapakauki kabisa, ila haiwi ile ya mfululizo inayogeuza njia kuwa sabuni.

Ijumaa Kuu tukapanda basi Mbezi saa 12 asubuhi, foleni ya Kibaha mpaka Chalinze mnaijua siku za sikukuu, Muheza tukashuka saa nane mchana badala ya saa sita, gari la abiria linalopanda Amani likawa limeshaondoka. Tukakodi Noah mbili. Kutoka Muheza ni kilomita 30 na ushee za vumbi, siku hiyo zilikuwa za tope, na tulishuka kusukuma mara tatu. Pale Sigi ndo mlango wa hifadhi, kama mita 450 hivi kutoka usawa wa bahari, kuna jengo la zamani lilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni enzi za Mjerumani reli ilipokuwa inafika pale, sasa hivi ndo mnapokelewa hapo na kulipa viingilio. Malipo ni kwa kontroo namba kama huduma nyingine za serikali, na mtandao siku hiyo ulikuwa unakuja na kukata. Sisi wenye hela kwenye simu tulifanikiwa baada ya kuhangaika, waliobeba keshi tupu wakaanza kutukopa. Kwa hiyo ukiwa bado Muheza mjini weka salio la kutosha kwenye simu, na keshi uwe nayo pia kwa ajili ya chakula na usafiri, huko juu usitegemee ATM. Kutoka Sigi bado mnapanda kama kilomita saba au nane hadi Amani kwenyewe, karibu mita 900. Tulifika giza linaingia, tumelowa, na kuna baridi ambayo mtu wa Dar hakuitegemea. Watu sita kati yetu hawakubeba sweta. Mimi mratibu sikuwaambia.

Sasa Jumamosi.

Muongozaji alikuja saa mbili asubuhi, kaka wa miaka 40 hivi, mpole, mwenyeji wa palepale, amevaa gambuti na kaptula ya kawaida, ana panga na kijimkoba. Akatusalimia mmoja mmoja, akampa mama wa mgahawa shikamoo kwa magoti kabisa, kisha akawa anatutazama miguuni. Nilidhani anakagua viatu tu. Baadaye ndo niligundua alikuwa anakagua watu. Kuna waliovaa raba nyeupe za kukimbilia ambazo chini ni laini kama sahani, kuna aliyevaa jinzi, dada mmoja alikuwa na yeboyebo. Akanivuta pembeni akaniambia, "Dada, watu kumi na moja kwa mtu mmoja ni wengi, tena kumenyesha usiku kucha. Naomba nimwite mwenzangu akae nyuma. Yeye ni elfu arobaini tu. Au tufanye ile njia fupi ya Mbomole, tunapanda kilimani, tunaangalia chini huko, tunarudi kula."

Nikamjibu nini? Nikamwambia kaka, bajeti yetu imeshafungwa, na hawa watu unaowaona ni wakimbiaji, kila wiki tunakimbia kilomita kumi na kitu, usiwe na wasiwasi nao. Vijana wetu nao wakadakia kwamba hawajatoka Dar kuja kutembea njia fupi, wanataka ya siku nzima, ile inayoshuka kwenye mto na kuja kutokea kwenye mashamba ya chai. Yule kaka akarudia tena kwa upole. Nikakataa tena, safari hii kwa sauti ya mtu aliyeshalipa. Akanyamaza, akasema haya, basi tukae pamoja, asinipite mtu mbele.

Elfu 40 gawanya kwa watu 11 haifiki hata 4,000 kila mtu. Ni sahani ya chipsi mayai.

Saa za mwanzo zilikuwa nzuri mno, sitaki nidanganye kwamba safari yote ilikuwa mateso. Ukiingia tu chini ya ile miti mwanga unabadilika, unakuwa kama wa kijani, na sauti ya barabara inapotea. Kuna miti mizizi yake inatoka nje kama kuta, mtu mzima anajificha katikati. Tulisikia kitu kinapita juu kinavuma kama mtu anapunga mkeka, tukashtuka wote, kumbe hondohondo, ni mabawa yake yale. Mbega tuliwaona, weusi wenye manyoya meupe mabegani, wamekaa juu wanatutazama kama wazee wa baraza. Muongozaji alikuwa kila baada ya muda anasimama, anageuza jani, anatuonyesha kitu. Alituonyesha kinyonga mdogo wa kahawia anafanana na jani kavu, hakuzidi kidole changu, aliyekuwa amekaa kwenye kijiti kwa utulivu wake, na mimi peke yangu ningepita pale mara mia nisimuone.

Tukafika sehemu ina miti mirefu iliyonyooka, myeupe myeupe, nikasema aisee hapa ndo pazuri kuliko kote, tupige picha. Yule kaka akatuambia hii miti siyo ya hapa. Ni Maesopsis, ililetwa, na msitu ulipokatwa mbao miaka ya nyuma yenyewe ikapata nafasi ikajaa kwenye yale mapengo, na hondohondo wanapenda matunda yake kwa hiyo wanazibeba mbegu wanaenda kuziangusha kila kona. Alivyokuwa anaeleza unaona kabisa ni kitu kinachomuuma. Mimi nilimsikiliza. Vijana wanne hawakuwepo, walikuwa wameshapita mbele.

Hapa ndo penyewe. Mkimbiaji mwendo wake ni wa kwenda tu. Kusimama simama kunamchosha, mwili unapoa, anaona anacheleweshwa. Na mama wetu wa mgahawa alikuwa nyuma kabisa, goti limeanza kumsumbua kwenye miteremko, anashika miti, anaenda polepole, dada wa yeboyebo anamsaidia. Muongozaji akawa hana pa kukaa. Akikaa mbele kuwazuia vijana, nyuma wanabaki peke yao. Akirudi nyuma kumpa mama mkono, mbele wanaondoka. Alishawaita mara mbili wakasubiri, wakacheka cheka, wakaondoka tena. Mara ya tatu aliniambia mimi, dada waambie watu wako. Nikapiga kelele "jamani subirini!" na wao wakajibu "tuko hapa hapa!" na nikaridhika na hilo jibu. Kwenye msitu mnene sauti inakudanganya, mtu anaweza kukujibu unasikia yuko karibu kumbe yuko upande mwingine wa bonde.

Mvua ikaanza saa saba na nusu hivi. Siyo ya kutisha, ila palepale tukiwa tunashuka kuelekea mtoni. Kuna siafu walikuwa wanakatisha njia, mstari mpana, watu wakaanza kurukaruka na kuvua suruali, purukushani, na katika ile purukushani mama wa mgahawa akarudi nyuma hatua mbili bila kuangalia, jiwe likamponyoka, akaenda chini na mguu ukabaki umekunjwa chini yake. Nilisikia alivyolia. Siwezi kuisahau ile sauti, maana yule ni mama ambaye jiko la mkaa likimuunguza haongei.

(Siafu dawa yake ni ndogo: suruali iingize ndani ya soksi ndefu tangu mnatoka, na ukiwaona usisimame, ruka au pita haraka, ujitoe ukiwa mbele huko. Muongozaji alitwambia asubuhi. Nusu yetu tulivaa soksi za kifundoni.)

Mimi nikataka kumchua. Ndo tulivyolelewa, mtu akiteguka unamkanda, unavuta, unanyoosha. Yule kaka akanishika mkono akasema hapana dada, usiuvute, hatujui ndani kukoje. Akakata vijiti viwili, akaomba kanga, akaufunga vizuri mguu ulivyo na kiatu chake, akamuuliza mama kama anahisi vidole. Hiyo kanga mama alikuwa ameibeba kwa ajili ya kukalia. Tangu siku ile kanga mbili zinakaa kwenye begi langu, moja ya kufungia, moja ya kubebea mtu.

Halafu akainuka akahesabu watu. Saba. Akahesabu tena. Akaniuliza, "Wale wanne waliwahi kusimama pale kwenye mti wenye mizizi mikubwa?"

Sikuelewa mwanzoni. Kumbe pale njia inagawanyika, moja inashuka mtoni tulipo sisi, nyingine inaenda kandokando ya kilima, ni njia ya wenyeji, inatokea mbali kwenye chai. Tukaita. Tukapiga mluzi. Kimya, mvua tu na mto. Simu zote hazina mtandao. Nikaanza kutetemeka mikono, na hofu ikageuka hasira ikatafuta mtu wa kumwendea, ikampata yeye. Nikamfokea yule kaka mbele ya watu wote. Nikamwambia wewe ndo kazi yako, tumekulipa kuangalia watu, sasa nenda kawatafute umesimama hapa unafanya nini. Maneno mengine sitayaandika.

Hakujibu ubaya. Alisema hawezi kuacha mgonjwa na watu sita wageni pembeni ya mto unaojaa, kisha yeye akazunguke porini bila kujua wameelekea wapi. Kwanza tunatoka wote na mama mpaka njia kubwa. Halafu atapata watu wa kusaidia kutafuta. Nilimuona ana roho ngumu. Leo naelewa kwamba lile lilikuwa jambo la busara kuliko yote yaliyofanyika siku ile, maana angeniskiliza mimi tungekuwa na makundi matatu yaliyopotea badala ya moja.

Kumtoa mama ilichukua karibu saa tatu kwa njia ambayo mzima angetembea dakika 50. Wanaume wawili wakipokezana kumbeba mgongoni na kanga, wanateleza, wanakaa, wanainuka. Jinzi ikilowa inakuwa nzito kama gunia, yule aliyeivaa mapaja yalichubuka mpaka damu. Maji yalituishia, kila mtu alikuja na chupa ya nusu lita kama tunaenda jogingi, wakati siku nzima ya kupanda na kushuka kwenye ule unyevu mtu anahitaji lita mbili hivi. Chakula kilikuwa mayai ya kuchemsha na karanga alizobeba mama mwenyewe, yule yule anayebebwa, akawa anatugawia kutoka mgongoni.

Ile jioni chini ya miti kunakuwa giza mapema kuliko unavyodhani, saa 11 tu huoni mizizi. Tochi zilikuwa mbili, ya muongozaji na ya simu yangu yenye chaji asilimia 14.

Tulipofika njia kubwa tukakutana na kijana wa bodaboda anashuka taratibu na taa. Akauliza, nyie ndo wenzao na wale wa Dar? Nilikaa chini palepale kwenye tope nikalia. Wale wanne walikuwa wametokea kwenye mashamba ya chai, mistari ya chai inafanana yote, wakazunguka humo hadi wakaona moshi wa makazi ya wafanyakazi. Wenyeji wakawapokea, wakawawashia moto, wakawapa chai, wakamtuma huyo kijana aje kuuliza huku. Tulionana nao saa moja na robo usiku. Mmoja kati yao, ndo mwenye mbio kuliko wote klabuni, alikuwa hawezi kuongea. Baadaye aliniambia kwamba kilichomtisha ni pale alipogundua kuwa hawezi hata kujua upande gani wametoka, miti kila upande ni ile ile.

Usiku ule nilienda kumtafuta muongozaji kwake. Nilimkuta anaosha gambuti. Nikamuomba msamaha mbele ya mke wake, maana nilimfokea mbele ya watu na nikaona haistahili kumuomba msamaha pembeni. Akasema yameisha dada, la maana wamerudi. Kisha akasema kitu kimoja tu, bila kunisuta, kwamba yeye njia yote anaijua, kitu ambacho hawezi ni kuwa mbele na nyuma kwa wakati mmoja.

Gharama sasa, niseme wazi. Noah ya dharura kumpeleka mama hospitali alfajiri ya Pasaka, 120,000. Picha na plasta ya kwanza, kisha Dar picha nyingine maana mguu ulivimba, jumla kama 210,000. Mfupa wa kifundo ulikuwa na ufa. Wiki sita kwenye plasta, na kwa mama wa mgahawa wiki sita ni mgahawa kufungwa, wateja kuhama, kodi ya fremu inaendelea. Klabu tulichanga 600,000 na haikufikia alichopoteza. Nilikuwa naenda kwake kila Jumapili na sijawahi kusikia akinilaumu, na hiyo ilinikalia vibaya kuliko kama angenitukana. Kwa miezi miwili nilitaka kujitoa uongozi wa klabu. Yeye ndo alinikatalia.

Mwezi wa nane tulirudi. Watu saba, waongozaji wawili, yule yule kaka na mwenzake. Hiki ndo tulichobadilisha, na kama unapeleka watu chukua hapa unachoweza. Kabla ya safari nilimpigia muongozaji simu wiki mbili mapema, nikamwambia ukweli wa kila mtu, nani ana goti, nani ana pumu, nani anakimbia sana, na nikamuomba yeye achague njia. Mratibu asichague njia ya msitu asioujua. Hela ya muongozaji wa pili tuliiweka kwenye mchango tangu siku ya kwanza, kama nauli, haijadiliwi. Mbele anakaa muongozaji, nyuma yake mara moja anakaa mtu wa polepole kuliko wote, na mwendo wake ndo mwendo wa kundi. Wenye mbio wanakaa mwisho pamoja na muongozaji wa pili. Wanakereka dakika 20 za kwanza halafu wanazoea, wanaanza kuona vitu. Kila njia panda tunasimama tunahesabiana kwa sauti, moja mpaka saba, na hakuna anayeondoka kabla ya saba kusikika. Kila mtu ana filimbi shingoni, za elfu moja moja Kariakoo, na tochi yake, na kama hana buti zenye meno basi gambuti, tulinunua Muheza kwa bei ya kawaida tu na hazikumuangusha mtu.

Na tuliwaeleza watu wa nyumba tulikofikia tunapita njia gani na tunategemea kurudi saa ngapi. Mara ya kwanza hakuna mtu duniani aliyekuwa anajua tulipo, kama siyo wale wafanyakazi wa chai. Tuliwapelekea sukari na sabuni safari hii, na wale vijana wanne ndo waliobeba.

Kuna mtu atasema mbona unamtisha mtu kwenda msituni. Hapana, nataka muende. Maji ya Mto Sigi yanayotoka kwenye ule msitu ndo yanakusanywa bwawa la Mabayani wanakunywa watu wa Tanga mjini, shangazi yangu kwa mfano, na mimi nimeishi miaka yote nikiuona kama mlima wa mawingu tu. Kila mgeni anayelipa kiingilio na kumlipa mwenyeji anampa sababu ya ziada ya kuutunza. Lakini mlipe vizuri. Usimkate bei mtu ambaye ndani ya saa tano utakuwa unamuangalia usoni ukimuuliza tunatokaje hapa.

Mama wa mgahawa alikuja pia mara ya pili. Daktari alishamruhusu, na mimi nilikuwa naogopa kuliko yeye. Tulimweka nafasi ya pili nyuma ya muongozaji, fimbo mkononi, gambuti za kijani. Tulipofika kule mtoni, jua lilikuwa linapenya kidogo, kumbe kwenye yale mawe alipoanguka kuna maua madogo ya zambarau yameota kwenye kivuli, yale ya Saintpaulia ambayo Mjerumani mmoja aliyekuwa mkuu wa Usambara aliyatuma kwao miaka ya 1890 na leo yanapandwa kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Mwezi wa nne tulikuwa tumeyakalia hatukuyaona. Mama akayainamia akayatazama kwa muda, hakuyagusa, kisha akakaa kwenye jiwe akafungua mfuko wake wa karanga na kusema yeye amechoka, tupumzike. Tukapumzika wote, mpaka wale wenye mbio, mpaka aliposema basi twende.